Breki ya bunduki na masikio ya mpwa wangu

Leo mtanivumilia, maana mada yenyewe ni ya ajabu kwa mtu aliyezoea kuandika habari za bajeti na mafuriko. Nataka kuzungumzia kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu wa bunduki. Kinaitwa breki. Ndiyo, breki, kama ya daladala. Kazi yake ni kupunguza teke ambalo bunduki humpiga mtu begani kila anapofyatua risasi.

Kwa wiki tatu nyumba tunayoishi hapa Houston haikuwa na mazungumzo mengine. Shemeji alitaka kuinunua, dada hakutaka hata kuisikia, na mimi nikapewa kazi ya "kufanya utafiti" kwa kuwa eti ndiye mwandishi wa habari. Utafiti gani huo jamani, wakati pande zote mbili ndizo zinazonilisha? Lakini nilikubali. Na nilivyozidi kusoma na kuuliza ndivyo nilivyoona kwamba suala si bega la shemeji peke yake.

Kabla sijaenda mbali niweke jambo moja wazi. Mimi hiyo bunduki siigusi. Niko hapa kwa visa ya masomo, na sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu mwenye visa ya muda kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa awe na vibali vichache maalumu, leseni ya kuwindia ikiwa mojawapo. Shemeji yeye alikula kiapo cha uraia zamani. Kwa hiyo uwanjani yeye ni mchezaji, mimi nabeba maji.

Haya, shemeji ni nani na nguruwe wametoka wapi?

Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mpole, mzaliwa wa Singida. Rafiki yake wa kazini, Mmarekani, ana shamba la familia kama saa moja na nusu kutoka hapa mjini. Shamba hilo linaliwa na nguruwe pori. Nilipokuja nilidhani ni utani, lakini Texas nguruwe hawa ni janga la kweli: wanafukua mahindi usiku mmoja ukadhani trekta limepita, wanazaana haraka, na ni wajanja kuliko mtego. Tangu Septemba 2019 mtu hahitaji hata leseni ya uwindaji kuwaua kwenye shamba la mtu binafsi, mradi mwenye shamba ameridhia. Shemeji akaalikwa, akapenda, akanunua bunduki yake.

Aliyonunua ni ya nusu otomatiki: ukivuta kifyatulio inatoa risasi moja, kisha inatema ganda na kujipakia nyingine yenyewe. Kwa sura ni ndugu wa AR-15 mnazoziona kwenye taarifa za habari, ila hii ni kubwa yake, inakula risasi ya .308, yaani kipenyo cha milimita 7.82. Sasa shida. Miaka michache iliyopita shemeji aliteleza kwenye barafu akishusha mzigo huko Oklahoma, mtulinga wa kulia ukavunjika. Uliunga vibaya. Akifyatua risasi 20 anarudi nyumbani bega limebadilika rangi, na kesho yake anaendesha lori kwa mkono mmoja. Ndipo mtu wa dukani akamwambia, "Wewe unahitaji breki."

Hebu tuelewane kwanza teke linatoka wapi. Umewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda nchi kavu bila mtu kuushika? Wewe unaenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Risasi ni wewe, bunduki ni mtumbwi. Ila kuna abiria mwingine tunayemsahau. Risasi ya .308 ina uzito wa gramu 9.7 hivi na inatoka kwa kasi ya takriban mita 850 kwa sekunde. Nyuma yake kuna baruti, kama gramu 3, ambayo imegeuka gesi ya moto na inatoka mtutuni kwa kasi kuizidi risasi yenyewe. Ukizidisha uzito kwa kasi kama tulivyofundishwa na mwalimu wa fizikia, utaona kati ya robo na theluthi ya teke lote inaletwa na gesi hiyo.

Risasi huwezi kuigusa, lazima iende ilikotumwa. Gesi unaweza. Breki ina matundu ubavuni, na ndani ina kuta. Gesi inafika, inajigonga kwenye kuta hizo na kuisukuma bunduki mbele, halafu inapinda na kutokea pembeni. Bunduki ikivutwa mbele wakati huohuo inarudi nyuma, bega linapata nafuu. Hakuna uchawi wala springi. Wengine hukata matundu yakiwa yameinama kuelekea nyuma, na hapo nafuu inazidi kwa sababu gesi inafanya kazi kama injini ya roketi. Sasa jiulize: matundu yakielekea nyuma, nyuma kuna nani?

Nitarudi hapo.

Dukani niliwakuta na kabati zima la vipande hivi, nikajikuta nimesimama kama mama anayechagua vitenge Kariakoo. Muuzaji, kijana mmoja mwenye subira, alinieleza tofauti ambazo kwa macho yangu zilikuwa kitu kimoja. Kuna kificha mwali, chenye mipasuo, ambacho kazi yake ni kutawanya gesi ili ule mwanga wa moto usimpofushe mpigaji gizani. Teke hakipunguzi kwa maana. Kuna kile kinachotoa gesi kwa juu ili mtutu usinyanyuke. Mdomo uliokatwa mshazari wa AKM, toleo la AK ambalo Warusi walilianza 1959, ni wa ukoo huo. Kuna breki zenyewe, za matundu mawili, matatu, manne. Kuna za matundu kuzunguka pande zote, ambazo ukilala chini kulenga zinakurushia vumbi lote la shamba usoni. Na kuna mrija mnene uliofungwa pembeni, wazi kwa mbele tu. Huu hausaidii bega kwa lolote; unapeleka kishindo mbele, mbali na mpigaji na walio karibu naye.

Mengine aliyosema muuzaji niliyaandika kwenye daftari. Nyuzi za skrubu lazima zilingane na mtutu. Za .308 kwa kawaida ni pana kuliko za 5.56, kwa hiyo breki ya bunduki ndogo usiilazimishe kwenye kubwa: tundu la katikati likiwa jembamba kuliko risasi utalipasua, na pengine utapasuka nalo. Breki ifungwe ikiwa imenyooka, matundu ya kushoto na kulia yawe sawasawa, la sivyo itakuwa inavuta upande mmoja kama baiskeli iliyopinda usukani. Kwa hilo kuna washa maalumu. Bei inaanzia makumi ya dola hadi zaidi ya mia mbili. Shemeji aliiangalia ya matundu matatu, kubwa, imeinamisha matundu nyuma. Akaipenda kama mtu anavyopenda gari. Rafiki yake wa shamba alikuwa nayo kama hiyo, akasema msinunue kwanza, njooni muijaribu.

Tulikwenda Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha: shemeji, rafiki yake, mimi na mpwa wangu wa miaka 11 ambaye baba yake akienda popote naye yupo. Pale kuna meza zimepangwa chini ya paa la bati, kila mpigaji na meza yake, hatua mbili hivi kati ya mmoja na mwingine. Wote tulivaa vifuniko vya masikio. Mtoto alisimama ubavuni mwa baba yake, nyuma kidogo, mahali ambapo mtoto yeyote angesimama ili aone.

Shemeji akafyatua. Akageuka anacheka. Bega halijauma! Akafyatua tena, na tena, kitako kinamsukuma kama mtu anayekugusa kukusalimia. Lakini mimi niliyekuwa upande wa kulia nilihisi kitu kingine kabisa: kofi la hewa kifuani, na vumbi la mezani likaruka. Mzee mmoja wa meza ya jirani alichukua kahawa yake, akakunja kiti chake na kuhamia mwisho wa safu bila kusema neno. Mpwa wangu alikuwa amebana vifuniko vyake kwa mikono yote miwili. "Anko," akaniambia, "inanipiga kwenye meno."

Hapo ndipo nilipoacha kufanya utafiti wa kumridhisha shemeji nikaanza kufanya utafiti wa kweli.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki kinadanganya macho, kwa sababu ukiongeza desibeli 10 tu nguvu ya sauti inakuwa imeongezeka mara kumi. Kwa mshindo wa ghafla kama wa bunduki, kikomo kinachotajwa na wataalamu kwa mtu mzima ni kilele cha desibeli 140. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa kelele limeweka 120. Bunduki kubwa kama ya shemeji, bila kitu chochote mdomoni, inakaribia 160. Breki haitengenezi kelele mpya, bali inachukua ile iliyokuwa inakwenda mbele na kuigeuzia kwa watu. Kuongezeka kwa desibeli 5 sikioni mwa mpigaji au jirani yake si ajabu, na zipo breki zinazozidi hapo.

Fanyeni hesabu nami, ya mkono tu. Weka 165. Toa 30, ambazo ni za vifuniko vizuri vilivyovaliwa sawasawa, jambo ambalo kichwani kwa mtoto anayejigeuzageuza ni nadra. Inabaki 135. Ukimvalisha na viziba vya ndani ya sikio chini ya vifuniko, watu hudhani unajumlisha 30 na 30. Hapana, unapata kama 5 zaidi. Inabaki 130. Bado haijashuka kwenye 120.

Na sikio si goti. Ndani kabisa, kwenye kile kitu kilichojiviringa kama konokono, kuna vinywele vidogo vinavyogeuza mtikisiko kuwa sauti. Vikivunjika havioti tena, kwa binadamu vimekwenda. Kinachobaki ni sauti kufifia na wakati mwingine mvumo wa kudumu, ule mlio wa "ngiiii" usiozimika hata usiku. Miongoni mwa maveterani wa jeshi la Marekani wanaolipwa fidia ya ulemavu, tatizo linaloongoza kwa idadi ni huo mvumo, si mguu wala mgongo. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa hadi dola bilioni 6 kumaliza kesi za wanajeshi waliodai viziba masikio vyake havikuwakinga ipasavyo. Dola bilioni 6, kwa ajili ya vinywele msivyoviona.

Kwa hiyo nikamwambia shemeji mezani, kwa heshima zote: teke halijaondoka, shemeji. Limetoka begani kwako limehamia kwa mwanao. Alinyamaza sana. Dada hakunyamaza.

Dada ana lake kuhusu bunduki hii na sina budi kulisema. Tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, jimbo hilihili la Texas, kijana mwenye bunduki ya ukoo wa AR aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Wakati huo mpwa wangu naye alikuwa shule ya msingi. Dada hawezi kuangalia umbo la ile bunduki bila kuona wale watoto, na shemeji hawezi kuiangalia bila kuona mahindi yaliyofukuliwa. Wanalala kitanda kimoja. Mimi nikiulizwa niko upande gani, moyo wangu uko kwa dada, lakini nguruwe nimewaona kwa macho na sina jibu la kumpa mwenye shamba.

Kilichonishangaza ni namna sheria zao zinavyovitazama vyuma hivi. Mwaka 1994 Rais Clinton alisaini sheria ya kuzuia bunduki "za kivita", ikaisha muda wake Septemba 2004. Kwa bunduki za nusu otomatiki zenye magazini ya kuchomoa ilikuwa inahesabu vikorombwezo, na kificha mwali kilikuwa kimojawapo. Breki haikutajwa. Basi viwanda vikaondoa vificha mwali, vikachomelea breki, biashara ikaendelea. New York waliliona hilo, na sheria yao ya 2013 ikataja breki kwa jina. California kificha mwali kinahesabiwa, breki hapana. Yaani unavuka mpaka wa jimbo na kipande kilekile cha chuma kinageuka halali au haramu, na hakuna sehemu hata moja katika orodha hizo inayouliza kinafanya nini kwa sikio la aliyesimama pembeni.

Halafu kuna kiwambo cha kuzuia sauti, kile cha kwenye filamu za majasusi, kinachofanya bastola iseme "fyuu". Uongo wa sinema huo. Kiwambo kinatega gesi na kuiachia polepole, kinapunguza desibeli 20 hadi 30 hivi, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti bado inapasua anga kwa mlio wake. Lakini kwa hesabu yetu, .308 inashuka karibu na 140, na ukiongeza vifuniko mtoto yuko 110. Na kwa kuwa gesi imetegwa, teke nalo linapungua. Bega na sikio vyote vinapona.

Kilichovumbua kiwambo kinatuhusu kidogo sisi wa huku kwetu. Hiram Maxim mzee ndiye aliyetengeneza mzinga wa Maxim mwaka 1884, ule ambao babu zetu waliuita bombomu kwa mlio wake, na ambao Wajerumani waliutumia dhidi ya watu wa kusini kwetu katika Vita vya Majimaji. Miaka ya kuishi na mizinga yake ilimharibu masikio, uzeeni akawa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyekuja na kiwambo, akapata hataza yake mwaka 1909. Alikiuza kama kitu cha kistaarabu cha kutowasumbua majirani. Mwaka 1934 sheria ya shirikisho ikakiwekea ushuru wa dola 200 na usajili. Ushuru huo haukuwahi kubadilika hadi sheria iliyosainiwa Julai 2025 ilipoufuta kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Usajili umebaki: alama za vidole, picha, fomu, na kusubiri ruhusa. Breki unainunua kama unavyonunua nyundo. Jamani, hivi kinachookoa masikio ndicho kinachosubiriwa ruhusa, na kinachoyaharibu unaweka kwenye kapu unaondoka? Najua wanaoogopa viwambo wana hoja zao, kwamba mlio ndio unaowaonya watu wakimbie. Baada ya Uvalde siwezi kulicheka hilo. Ila bado nadhani mizani imekaa upande.

Uamuzi uliofikiwa baada ya vikao vitatu ni huu. Breki ya matundu matatu haikununuliwa. Shemeji ameongeza mpira mnene kwenye kitako, dola arobaini tu, na risasi 20 sasa ni kumi. Fomu ya kiwambo amejaza, alama za vidole ametoa, na kiwambo chenyewe, cha dola mia nane na ushee, kimelipiwa kwa fedha iliyokuwa iende kwenye mabati ya nyumba yao ya Bunju. Dada alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, mpaka ruhusa itoke mtoto hakanyagi uwanja wa shabaha. La pili, wote wawili, baba na mwana, wapimwe masikio.

Wamepimwa wiki iliyopita. Mpwa wangu ni mzima, amesikia hata vile vimilio vyembamba kabisa. Shemeji sikio la kulia liko vizuri. La kushoto sauti za juu zimekwenda, na mpimaji alipoona mchoro alimuuliza kama anapiga bunduki kwa mkono wa kulia. Kumbe anayelenga hivyo sikio lake la kushoto ndilo linaloukaribia mdomo wa mtutu, la kulia linakingwa na kichwa chake mwenyewe. Nusu ya lawama naipa dirisha la lori, mpimaji naye alisema inawezekana.

Sasa tumeelewa kwa nini mlio wa maikrowevu alikuwa hausikii, tukidhani ni uvivu wa kunyanyuka. Mezani amebadilisha kiti. Anakaa upande wa ukutani, ili mwanawe akizungumza amsikie kwa sikio la kulia.